Saratani ya ulimi ya baba imeshuka shingoni, na ukoo unasema kisu kitaisambaza

SWALI

Shikamoo mama.

Mimi ni binti mkubwa wa fundi seremala hapa Tanga. Baba ana miaka 61. Tangu ujana wake anatafuna tambuu kwa popoo, chokaa na tumbaku, na siku zote huiweka shavu la kushoto. Mwaka jana alitoka kidonda ubavuni mwa ulimi, upande huohuo. Tukadhani amejing'ata. Akasukutua maji ya chumvi, akapewa dawa ya kupaka, kidonda hakikupona, lakini kwa kuwa hakikumuuma sana aliendelea na kazi zake. Baadaye kikatokea kivimbe chini ya taya, kigumu. Zahanati walimpa antibiotiki, haikusaidia, wakampa tena. Kisha wakasema huenda ni kifua kikuu cha mitoki, wakamwanzishia dawa bila kukipima kivimbe chenyewe. Kikazidi kukua.

Mwishowe tukapata rufaa ya Dar es Salaam. Huko wakamkata kinyama ulimini na kukichoma sindano kile kivimbe, na majibu yote mawili yamekuja ni saratani. Akapigwa CT, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ya shingo na kifua. Daktari bingwa anasema kifua ni safi, na anataka kumpasua: atatoa sehemu ya ulimi pamoja na tezi za shingo upande wote wa kushoto, kuanzia chini ya kidevu mpaka karibu na mtulinga. Akipona kidonda, aende mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya huko Dar.

Mzozo umeanzia hapo. Baba mdogo anasema saratani haiguswi na kisu, ikiguswa hutawanyika. Anamtolea mfano jirani yetu aliyetolewa uvimbe shingoni, akarudi nyumbani vizuri, haukupita muda shingo nzima ikafura na akafariki. Yeye anataka baba atumie kwanza dawa za miti shamba kwa miezi mitatu. Shangazi naye amepata mtu mwenye kliniki mjini ambaye yuko tayari kukitoa hicho kivimbe tu, kwa ganzi, asubuhi anakatwa mchana yuko nyumbani, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gharama za Dar. Wengine wanasema ikishafika shingoni ndiyo imeshasambaa, tumwache mzee apumzike.

Mimi nimebaki katikati. Sielewi kwa nini kivimbe ni kimoja halafu wapasue shingo nzima. Baba mwenyewe hasemi kitu. Jambo pekee aliloniuliza ni kuhusu mkono, kwa sababu daktari alitaja bega, na yeye bila mkono si fundi tena. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Nikaseme nini?

Binti wa Seremala, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umpe pole mzee.

Naanza na yule mwenye kliniki, kwa sababu kati ya yote uliyoandika hilo ndilo la hatari zaidi, na ndilo linaloweza kufanyika kesho asubuhi kabla ya kikao chochote. Asikiguse kivimbe. Si kwa ganzi, si kwa bure, si hata kama anajua kazi yake kwenye mambo mengine. Shingo yenye saratani hupasuliwa vizuri mara ya kwanza. Ikishachezewa, hiyo mara ya kwanza haipo tena.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukifahamu hili utaweza kulijibu na lile la baba mdogo, na utaona kwamba jirani yenu hakusingiziwa.

Shingoni kuna tezi ndogondogo nyingi sana, karibu theluthi moja ya tezi zote za limfu za mwili mzima. Kazi yake ni kuchuja maji yanayotoka mdomoni, kooni, puani na kwenye ngozi ya kichwa. Chembe za saratani zikibanduka ulimini hufuata maji hayo na kukwama kwenye tezi za kwanza zinazokutana nazo, ambazo kwa ulimi ni zile za chini ya taya na za sehemu ya juu ya shingo, kandokando ya mshipa mkubwa wa damu. Nyingine hupita zikateremka ngazi inayofuata. Tezi inayoonekana kwa macho na kushikika kwa vidole ni ile ambayo ugonjwa umeshaijaza. Jirani zake zinaweza kuwa na ugonjwa mdogo ambao kidole hakiuoni, na mara nyingine hata CT haiuoni. Mwulize baba yako, yeye ni seremala: ubao ukionekana tundu moja la bungua, fundi mwenye akili halizibi lile tundu akapaka vanishi.

Mtu akikata kivimbe peke yake, anaacha tezi za pembeni zenye ugonjwa, na mara nyingi anapasua ngozi ya tezi yenyewe na kumwaga yaliyomo ndani ya kidonda. Miezi michache baadaye saratani inachipua kwenye kovu, kwenye ngozi, kwenye msuli, na sasa hata bingwa hapati tena mipaka safi ya kufuata. Ndugu wanaona kwa macho yao: alikatwa, ikasambaa. Simjui jirani yenu wala aliyempasua, siwezi kusema ndilo lililomkuta. Ila hadithi ya namna hiyo nimeisikia wodini mara nyingi mno, na ukiuliza kwa utaratibu alikatwa nini, majibu ya maabara yalisemaje, alipata mionzi au hakupata, karibu kila mara unakuta alitolewa uvimbe tu, kipande hakikupelekwa popote, na mionzi hakuna aliyemtajia. Kwa hiyo Jumamosi usimwambie baba mdogo kwamba anasema uongo. Alichokiona alikiona. Mwulize tu maswali hayo matatu kuhusu marehemu, kwa upole, halafu mweleze kwamba daktari wa Dar anataka kufanya kinyume cha kile alichofanyiwa jirani.

Na sindano aliyochomwa baba? Isikutie wasiwasi. Sindano ile nyembamba ndiyo njia sahihi ya kuchunguza uvimbe wa shingo, ndiyo maana mabingwa hawaanzi kwa kuukata.

Sasa, kwa nini shingo nzima. Upasuaji huu una historia, nami napenda watu waijue kwa sababu inaondoa hofu nusu yake. Mwaka 1906 daktari wa Marekani, George Crile wa Cleveland, aliandika taarifa ya upasuaji 132 wa saratani za kichwa na shingo na kueleza namna ya kuondoa tezi zote za upande mmoja kama furushi moja, bila kulipasua njiani. Lakini pamoja na tezi aliondoa msuli mkubwa wa shingo, mshipa mkubwa wa damu unaorudisha damu kutoka kichwani, na mshipa wa fahamu unaoinua bega. Wagonjwa waliopona walibaki na shingo iliyobonyea na bega lililoporomoka. Upasuaji huo ulitawala kwa miongo mingi. Mwaka 1963 daktari wa Argentina, Osvaldo Suárez, akachapisha njia nyingine: tezi zimo ndani ya tabaka za utando, na utando huo unaweza kubanduliwa ukatoka na tezi zake huku msuli, mshipa wa damu na mshipa wa bega vikibaki mahali pake. Tangu hapo kazi imeendelea kuboreshwa. Siku hizi shingo imegawanywa kwa ngazi zenye namba, na bingwa huchagua ngazi za kuondoa kulingana na saratani ilikoanzia na ilikofika. Daktari wenu anaposema kuanzia kidevuni mpaka mtulingani, anataja ngazi hizo. Hasemi kwamba ataondoa kila kilichomo shingoni.

Wanaouliza "kwa nini atoe tezi ambazo hazijavimba" wasikie habari ya India. Mumbai, hospitali ya Tata Memorial, inahudumia wagonjwa wengi sana wa saratani ya mdomo, kwa sababu tambuu na popoo kule ni kama huku pwani au kuzidi. Madaktari wake wakiongozwa na Anil D'Cruz waliwachukua watu wenye saratani ya mdomo ya mwanzo, ambao shingoni hawakuwa na kivimbe hata kimoja. Nusu yao walisafishwa tezi za shingo siku ileile ya kutolewa uvimbe wa mdomoni. Nusu waliachwa, wapasuliwe shingo pale tu kivimbe kitakapotokea. Matokeo ya wagonjwa 500 yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, katika kila watu 100 waliosafishwa mapema walikuwa hai 80, na waliosubiri walikuwa hai kama 67. Hao hawakuwa na kivimbe. Baba yako anacho. Miezi mitatu ya miti shamba ipime kwa mizani hiyo.

Hapo nisieleweke vibaya, sina ugomvi na waganga wa miti shamba. Mzee akitaka uji wa majani fulani baada ya matibabu, amwonyeshe daktari wake anywe. Kwa sasa asinywe kitu bila kukitaja kliniki, maana baadhi ya dawa hizo huongeza kuvuja damu wakati wa upasuaji, na asipakwe wala kukandwa chochote juu ya kivimbe. Ngozi ikichomeka au ikitoboka pale, kazi ya bingwa inakuwa ngumu maradufu.

Kuhusu wanaosema imeshasambaa, basi tena. Kusambaa kupo kwa namna mbili, na watu wanazichanganya. Saratani iliyofika mapafuni au kwenye ini imesafiri mbali, na hapo kupasua shingo kwa kawaida hakumponyi mtu. Iliyoishia kwenye tezi za shingo bado iko jirani na ilikotoka. Sitakupamba kwa maneno: tezi za shingo zikishaingiliwa, nafasi ya kupona hushuka sana, wenye fani hii husema hushuka kwa karibu nusu. Lakini bado wapo wengi wanaopona, na matibabu haya aliyopangiwa baba, ulimi na shingo kisha mionzi, ni matibabu ya kutafuta kupona, si ya kumpa nafuu tu. Kifua kimepimwa na ni safi. Hicho ndicho kilichomfanya daktari akubali kumpasua. Waambie wanaotaka mzee "apumzike" kwamba saratani ya shingo ikiachwa haimpumzishi mtu. Hutoboka nje, hunuka, hubana koo, na kuna siku inaweza kula mshipa wa damu. Nimewahudumia. Sitasema zaidi.

Nije kwenye mkono, ambalo ndilo swali la mzee mwenyewe, na mimi nalihesabu kuwa swali la maana kuliko yote ya kikao.

Mshipa wa fahamu wa bega hupita katikati kabisa ya eneo la kazi. Kama ugonjwa haujaushika, bingwa huutafuta, akauonesha kwa wenzake na kuulinda. Hata hivyo kwa kuwa umesogezwa na kuvutwa, bega huwa dhaifu na zito kwa miezi kadhaa, kisha hurudi polepole. Kama ugonjwa umeushika, hukatwa pamoja na furushi, na hapo mtu hushindwa kuinua mkono juu zaidi ya usawa wa bega, bega huning'inia na kuuma. Vidole, kiganja na kiwiko havihusiki kabisa. Kwa hiyo jibu la kumpa baba ni hili: mkono utabaki, kushika nyundo na msumeno atashika, kazi ya kubeba mbao begani na kunyanyua fremu juu ya kichwa ndiyo yenye mashaka, na ni upande wa kushoto tu. Kama anatumia mkono wa kulia kwenye randa, hilo ni jambo la kushukuru.

Kuna jambo moja zaidi la mkono ambalo watu hulikuta siku ya mwisho. Sehemu kubwa ya ulimi ikitolewa, wakati mwingine huzibwa kwa ngozi na nyama inayochukuliwa kwenye mkono wa mbele, kati ya kiwiko na kiganja, au kwa msuli wa kifua. Kama watachukua mkononi, kwa kawaida huchukua mkono usiotumika sana. Mwambieni daktari wazi kabla ya siku hiyo: mzee ni fundi, kazi yake ni hii, mkono wake wa kazi ni huu. Pengine sehemu ya kutolewa ni ndogo na hapatahitajika kiraka, lakini daktari hawezi kubashiri ufundi wa mtu kwa kumtazama.

Mazoezi ya bega yaanze mapema, kwa kawaida baada ya mipira ya kunyonya majimaji ya kidonda kutolewa, na yafundishwe na mtu wa fiziotherapia. Waombeni wenyewe msipopelekwa, wodi zikijaa jambo hili husahaulika. Zoezi moja ni rahisi: anasimama akielekea ukuta, vidole vinapanda ukutani taratibu mpaka pale anaposikia kuvutwa, anashuka. Bila mzigo. Mafundi ninaowajua mimi wakipata nafuu kidogo tu wanakimbilia karakana kubeba mninga. Huyo wenu mzuieni.

Siku zenyewe za hospitali nitazipitia kwa kifupi. Damu ya akiba inahitajika, hivyo watafuteni mapema ndugu wenye afya wa kuchangia. Usingizi ni wa dawa, mzee hatasikia kitu, na kazi huchukua saa kadhaa. Msishtuke mkimkuta na mpira wa kulishia puani, na pengine tundu dogo la kupumulia kooni. Tundu hilo mara nyingi ni la muda, huwekwa kwa sababu ulimi huvimba. Shingoni atatokea na mipira miwili hivi yenye chupa zinazonyonya majimaji, nayo hutolewa yanapopungua, kama mililita 30 kwa siku au chini ya hapo. Usiku wa kwanza ndugu anayekaa naye aangalie jambo moja: shingo ikifura ghafla na pumzi ikawa nzito, aite muuguzi papo hapo, asisubiri raundi ya asubuhi. Na kwa kuwa ni upande wa kushoto, mkiona majimaji ya kwenye chupa yamegeuka meupe kama maziwa baada ya kuanza kulishwa, semeni. Kuna mrija mwembamba unaopitisha mafuta ya chakula pale chini, karibu na mtulinga, na wakati mwingine hujeruhiwa. Mara nyingi hutulia kwa kuondoa mafuta kwenye chakula na kungoja, lakini lazima mtu aseme.

Sikio la kushoto na ngozi ya chini yake zitakufa ganzi. Wanaume hujikata na wembe pale bila kujua, basi kwa miezi ya mwanzo anyolewe na mtu mwingine. Mdomo unaweza kwenda upande kidogo anapocheka, na uso kuvimba asubuhi. Mto wa juu husaidia. Kula ataanza na vya majimaji na vilaini. Kuongea itategemea kiasi cha ulimi kilichotolewa, na wengi waliotolewa sehemu ndogo husikika vizuri wakishazoea, hasa wakisoma kwa sauti kila siku. Kama mzee ni mtu wa kusoma Kurani, hakuna zoezi zuri kuliko hilo.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo familia nyingi hulilegeza, na ndilo linaloharibu kazi nzuri ya bingwa. Furushi lile la tezi hupelekwa maabara, na majibu yake ndiyo yanayosema kilichobaki. Yaombeni, msikae mkingoja kuitwa. Yatasema tezi ngapi zilitolewa, ngapi zina ugonjwa, na kama ugonjwa umepasua ngozi ya tezi ukatoka nje. Ukiwa umetoka nje, mionzi peke yake haitoshi kwa mtu mwenye nguvu za kuhimili. Huongezwa dawa ya saratani ya mshipani, sisiplatini. Na mionzi inatakiwa ianze ndani ya wiki sita hivi baada ya upasuaji. Wiki sita ni chache sana. Mkisema mzee apate nguvu kwanza, apite mfungo, avuneshe, zitakuwa zimekwisha. Fungueni faili Ocean Road mapema, hata kabla kidonda hakijafunga, na mpangeni sasa atakaa kwa nani Dar, maana mionzi yenyewe ni siku tano kwa wiki kwa wiki kama sita.

Kabla ya mionzi, meno. Mtafuna tambuu wa miaka mingi huwa ana meno mabovu, na jino likija kung'olewa kwenye taya lililopigwa mionzi, mfupa unaweza kugoma kupona. Yale mabovu yang'olewe kabla, na bingwa akikubali yang'olewe siku ileile ya upasuaji mkae salama.

Na tambuu yenyewe iishe leo. Si tumbaku tu. Kuna wazee wanaoacha tumbaku wakabaki na popoo wakidhani wamesalimika. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Najua kumnyima mzee uraibu wake wakati wa shida ni kama adhabu. Mumwambie kwamba ngozi ya mdomo mzima imelowa sumu ileile, na kidonda kipya kinaweza kuota upande wa pili hata huu ukipona.

Wasomaji wengine mnaofuatilia, msichukue majibu haya mkayahamishia kwa kila shingo. Saratani inayoanzia nyuma ya pua, ambayo Kenya huonekana mara nyingi na hupata hata vijana, hutibiwa kwa mionzi na dawa kwanza, na shingo hupasuliwa tu kama kitabaki kitu. Ya tezi ya shingo, ile inayoitwa thairoidi, hupasuliwa kisha wengi hupewa iodini yenye mionzi ya kunywa. Kuna za kooni ambapo mtu humaliza mionzi na dawa, akasubiri kama wiki 12 na kupimwa kwa PET, kipimo cha picha kinachoonyesha kama saratani bado ipo, na kikiwa safi hahitaji kisu. Na kuna shingo ambazo saratani imeshauzingira mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Hizo bingwa mwenyewe atakataa kuzigusa, na akikataa msimtafute anayekubali.

Na kwa wahudumu wa zahanati, maana nao wanasoma hapa: mtu mzima mwenye kivimbe shingoni kwa zaidi ya wiki tatu anahitaji kufunguliwa mdomo na kumulikwa tochi, ulimi uvutwe utazamwe pembeni na chini, kisha sindano. Kifua kikuu cha mitoki kipo kwetu, ni kweli, na kinatibika. Lakini kithibitishwe. Baba wa huyu binti alikuwa na kidonda ulimini wakati wote alipokuwa anameza vidonge vya kivimbe.

Umeniambia kikao ni cha ukoo, na katika barua yako yote mwenye shingo ameongea mara moja tu. Usingoje Jumamosi kumsikiliza. Kaa naye wawili, umpe jibu la mkono kama nilivyolieleza, halafu umuulize anaogopa nini kingine. Huenda ni kuongea, huenda ni kuonekana msikitini na shingo yenye kovu, huenda ni deni atakalowaachia. Kila moja lina jibu lake. Kuhusu fedha, kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni kabla ya siku ya kulazwa, si baada ya bili, na muwe na barua ya mtendaji wa mtaa. Uamuzi ukiwa wa baba, kikao kitakuwa cha kupanga nani anachangia damu na nani anampokea Dar, na baba mdogo ninashauri ndiye asafiri naye kliniki. Akae kwenye kiti, amsikilize daktari kwa masikio yake, amwulize mwenyewe hilo la kisu.

Wakiwa huko waulize haya na waandike majibu: mshipa wa bega unatarajiwa kubaki au la; ulimi utazibwa kwa nini; upande wa kulia wa shingo umeonekanaje, maana ulimi hupeleka maji pande zote mbili na uvimbe uliokaribia katikati huhitaji shingo ipasuliwe pande zote mbili; na nani atawapigia simu majibu ya maabara yakitoka. Bebeni CT yenyewe na karatasi zote za vipimo kwenye bahasha moja, na nakala ibaki Tanga kwako.